Riwaya ya kwanza ya mwanamuziki: uchukue ya Morrissey, ya Nick Cave au ya Gaël Faye?

Ikiwa pesa uliyo nayo inatosha kitabu kimoja, na una hamu ya kuona mwanamuziki anafanya nini akiweka maikrofoni chini na kuandika riwaya, kuna vitabu vitatu ambavyo kikundi chetu cha usomaji hapa Kisumu kimekuwa kikivutana juu yake. Cha kwanza ni List of the Lost cha Morrissey, Mwingereza aliyeimba na bendi ya The Smiths kuanzia 1982 hadi 1987. Kilitoka Septemba 2015. Cha pili ni And the Ass Saw the Angel cha Nick Cave wa Australia, cha mwaka 1989. Cha tatu ni Petit pays cha Gaël Faye, rapa aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda. Hicho kilichapishwa Ufaransa 2016, na tafsiri ya Kiingereza, Small Country, ikafuata 2018.

Hiki cha Morrissey kilipondwa na wahakiki karibu wote. Cha Cave kiliwagawanya wasomaji. Cha Faye kilipokelewa kwa vifijo na kupewa tuzo. Ndiyo maana mabishano hayaishi: mashabiki wa muziki wanaona wahakiki wana ajenda, na wapenzi wa fasihi wanaona mashabiki wamezibwa macho na mapenzi.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa msomaji wa Kisumu, Nakuru au Kakamega, Faye ndiye wa kwanza, tena kwa mbali. Cave ni wa mwenye subira na tumbo gumu. Morrissey ni wa shabiki aliyekwisha kumaliza kila kitu kingine cha Morrissey. Naeleza kwa nini, na nitakaa zaidi kwenye kile kilichopondwa, kwa sababu hapo ndipo hoja nzito za pande zote mbili zilipo.

Kesi ya mashabiki wa Morrissey

Kikundini tuna fundi wa simu kutoka Kondele anayezijua nyimbo za The Smiths beti kwa beti. Yeye ndiye wakili wa List of the Lost, na hoja zake si za mchezo. Anasema wahakiki walimhukumu mtu wakaacha kitabu. Morrissey ana maadui kwa sababu ya kauli zake za kisiasa na ulimi wake mkali kwenye mahojiano, kwa hiyo kitabu kilipotoka walikuwa wameshanoa visu. Anasema pia kwamba mabwana wa fasihi hawapendi mtu wa jukwaani aingie uwanjani mwao. Na anataja tuzo ile ya aibu: Desemba 2015 jarida la Literary Review la London lilimpa Morrissey tuzo yake ya kila mwaka ya tukio baya zaidi la mapenzi katika riwaya, na tangu hapo watu wanacheka kipande kimoja bila kusoma kurasa zilizobaki.

Hoja ya kipande ninaikubali. Tuzo hiyo ilianza 1993, na kazi yake ilikuwa kuchomoa aya moja na kuianika. Hakuna mwandishi ambaye hana aya moja ya kuanikwa. Mtu anayekukatisha tamaa na kitabu kwa kukusomea hiyo aya peke yake hajakuambia lolote kuhusu kitabu.

Ile ya kwamba wanawachukia wanamuziki haisimami. Mwaka 2009 tuzo hiyohiyo alipewa Jonathan Littell, mwandishi ambaye hakuwa mwanamuziki wala mgeni wa fasihi. Riwaya iliyomletea aibu hiyo ndiyo iliyokuwa imembebea Goncourt, tuzo kubwa kabisa ya Ufaransa, mwaka 2006. Orodha ya mwisho ya 2009 ilikuwa pia na Nick Cave, kwa riwaya yake ya pili, na Philip Roth, gwiji wa Marekani. Jiwe lile halichagui kichwa.

Na ile ya kumchukia mtu nayo ina tatizo. Miaka miwili kabla, mwaka 2013, Morrissey huyuhuyu alichapisha maisha yake mwenyewe, Autobiography. Wahakiki wengi walizisifu kurasa za utoto wake Manchester: mitaa, shule, mvua, walimu wenye viboko. Ulimi ulikuwa uleule mkali, na maadui walewale. Kama chuki ndiyo iliyokuwa inaandika tahakiki, ingekuwa imeandika za 2013 pia.

Basi tatizo liko ndani ya kitabu, na njia nzuri ya kuliona ni kukifungua. List of the Lost kina kurasa 118 tu. Kinahusu vijana wanne wa Boston, Ezra, Nails, Harri na Justy, timu ya mbio za kupokezana vijiti miaka ya sabini. Msituni wanakutana na mzee wa ajabu, wanamuua bila kukusudia, na laana inawaandama mmoja baada ya mwingine. Ukikisimulia hivyo kijiweni, kila mtu anataka kukisoma. Na sisi wa nchi hii mbio hizo tunazijua: Munich 1972, Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walichukua dhahabu ya mita 400 mara nne. Mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa uwanja akiangalia kijiti kinapita mkono hadi mkono atafungua kitabu hiki akitarajia kuisikia hofu ile ya kukidondosha.

Hataipata. Wahusika wanapofungua midomo hawazungumzi, wanahutubu. Kocha anahutubu, vijana wanahutubu, mpenzi wa Ezra anahutubu, na wote wana sauti moja, ya Morrissey mwenyewe. Msimulizi naye anaiacha hadithi njiani kwenda kuwashambulia wanasiasa na wala nyama, halafu anarudi akiwa amesahau alikuwa amefika wapi. Siku tulipokibishania, fundi wetu alimgeukia mwanachama mwingine, mwalimu wa fasihi wa upande wa Maseno, akamwuliza:

"Kwani Mwalimu, nyinyi mnataka msanii aje kuomba ruhusa kwenu ndiyo aandike?"

"La, ndugu yangu. Ninataka tu akiandika watu wanne, nisikie watu wanne."

Hilo ndilo kosa lenyewe, na halihitaji shahada kuliona. Nadhani limetoka moja kwa moja kwenye kipaji chake. Wimbo wa Morrissey ni sauti ya mtu mmoja anayelalamika kwa ufundi mkubwa, na mstari wake mkali una gitaa la Johnny Marr, mwenzake wa The Smiths, la kuubeba. Kuna kibwagizo, na kuna nafasi ya kupumua kabla mstari mwingine haujaja. Anayesikiliza benga analielewa hili upesi. D. O. Misiani alikuwa akipanga mafumbo mazito, kisha gitaa linakuja mbele, mwimbaji ananyamaza, na wewe unapata muda wa kulifumbua fumbo. Kwenye ukurasa hakuna gitaa litakalokuja mbele. Mistari mikali thelathini ikifuatana inageuka kuwa mchuzi uliotiwa kila kiungo kilichokuwa dukani.

Kuna shabiki mwingine kikundini, dada anayefanya kazi kwenye duka la dawa, ambaye lawama zake anazielekeza kwa mhariri. Mchapishaji mkubwa, anasema, ana watu wa kumwambia mwandishi hapa punguza, hapa simama. Mwanamuziki mchanga studioni huwa na prodyuza wa kumkatalia. Morrissey wa 2015 alionekana hana wa kumkatalia. Ninaiona hii kuwa hoja bora kuliko zote walizotoa mashabiki, kwa sababu inakitetea kipaji bila kudanganya kuhusu kitabu.

Miwa, kunguru na sauti ya Mungu

Nick Cave ni jambo jingine. Riwaya yake aliiandika alipokuwa akiishi Berlin, na inatokea katika bonde la miwa lililobuniwa, Ukulore, mahali panapofanana na kusini mwa Marekani. Linatawaliwa na dhehebu kali, na mvua inanyesha hadi watu wanapoteza akili. Mhusika mkuu, Euchrid Eucrow, ni bubu. Mama yake ni mlevi mkatili, baba yake anatega wanyama na kuwatesa. Bubu huyo anasadiki kwamba Mungu anasema naye, na anatusimulia yote haya huku anazama kwenye kinamasi.

Kichwa cha kitabu kinatoka Hesabu sura ya 22, pale punda wa Balaamu anapomwona malaika ambaye bwana wake hamwoni. Kwa watu waliolelewa na Biblia, na magharibi mwa Kenya sisi ni wengi, hii si rejeo la kutafuta kwenye kamusi. Tunaijua, na tunajua uzito wake: kiumbe asiye na sauti ndiye anayeona, na anachapwa fimbo kwa kuona.

Lugha ya Cave ni nzito kuliko ya Morrissey. Inachanganya Kiingereza cha Biblia ya zamani na lafudhi ya vijijini Marekani, na maneno mengine kayabuni mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kitabu cha Morrissey kilikataliwa kwa sababu ni kigumu aeleze kwa nini hiki kigumu zaidi bado kinachapishwa na kusomwa miaka zaidi ya thelathini baadaye. Jibu langu ni kwamba uzito wa Cave una mwenyewe. Ni akili ya Euchrid, mtu ambaye hajawahi kutamka neno na amejaza kichwa kwa maneno yote aliyoyasikia kanisani. Ukimsoma unajua nani anazungumza hata ukifungua ukurasa katikati.

Msomaji wa Muhoroni au Mumias ataona pia kitu ambacho wahakiki wa London hawakuwa na macho ya kukiona. Bonde linaloishi kwa zao moja lina tabia zake. Miwa ikikubali, duka linajaa na kanisa linajaa. Miwa ikikataa, watu wanaanza kumtafuta wa kubebeshwa lawama, na mara zote wanampata aliye dhaifu kuliko wote. Mwanachama wetu mmoja kutoka karibu na Chemelil alisema sura za mvua zilimkumbusha barabara za shambani zinapokatika, trela limekwama, miwa imekatwa na inakauka huku mizani ya kiwanda iko kilomita chache tu. Cave hakuwahi kuandika juu yetu, lakini njaa ya zao moja kaijua.

Onyo liwe wazi: kuna ukatili mwingi kwa wanyama na kwa watu, na dini inatendewa bila huruma. Sitampa mwanafunzi wa kidato cha pili kitabu hiki. Kuna wasomaji watu wazima ambao pia watakiweka chini kabla ya nusu, na sitawalaumu.

Bujumbura haiko mbali

Sasa Faye. Gabriel, au Gaby, ana miaka kumi, anaishi kwenye kichochoro kisicho na njia ya kutokea mtaani Kinanira, Bujumbura, pamoja na dada yake Ana. Yeye na marafiki zake wana makao yao makuu ndani ya Volkswagen Kombi iliyokufa kwenye kiwanja kitupu. Wanaiba maembe ya majirani na wakati mwingine wanawauzia wenyewe hayohayo. Ni mji wa ziwa, joto, baiskeli, umbea wa baa gizani umeme ukipotea. Mtoto wa Nyalenda au Dunga hapa Kisumu hana haja ya kuelezwa chochote.

Kitabu kinafunguka na mazungumzo mafupi ambayo ningependa kila mzazi wa Nakuru na Kisumu ayasome. Watoto wanamwuliza baba yao kwa nini Wahutu na Watutsi wanapigana. Ni kwa sababu hawana nchi moja? Hapana, nchi yao ni moja. Hawana lugha moja? Wanayo. Mungu wao ni tofauti? Ni mmoja. Basi ni kwa nini? Kwa sababu pua zao hazifanani. Na baada ya hapo watoto wanaanza kuangalia pua za watu, shuleni na mtaani, kwanza kwa mchezo.

Sidhani kuna mhakiki wa Paris aliyeweza kuusoma ukurasa huo kama unavyosomwa hapa. Januari 2008 watoto wa Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu walijifunza somo hilohilo kwa majina ya ukoo badala ya pua. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa 2007. Wengi kati ya wanachama wetu walikuwa watoto wakati huo, na kila mmoja anakumbuka siku jirani alipoanza kuitwa kwa kabila lake. Tulipofika kwenye ukurasa wa pua, mjadala wa wahakiki na mashabiki ulikufa wenyewe kwa muda, watu wakaanza kuzungumza juu ya ploti walizokulia.

Historia ndani ya kitabu ni ya kweli na haiwekwi kama darasa. Melchior Ndadaye anachaguliwa rais wa Burundi Juni 1993, anauawa Oktoba mwaka huohuo. Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda inadunguliwa, naye Rais Ntaryamira wa Burundi akiwa ndani. Gaby anayapata haya kupitia redio, kupitia muziki wa klasiki unaopigwa redioni siku ya mapinduzi, kupitia watu wazima wanaonyamaza akiingia sebuleni. Mama yake anakwenda Rwanda kuwatafuta jamaa na anarudi mtu mwingine. Usiku anamwamsha Ana, mtoto mdogo, kumsimulia madoa ya damu aliyoyasugua sakafuni na yakakataa kutoka. Faye hapandishi sauti hata kidogo mahali hapo. Rapa ambaye kazi yake ni kupandisha sauti ameamua kunyamaza, na ndipo unapojua huyu ni mwandishi.

Tofauti yake na Morrissey iko hapo. Faye alikuwa tayari na wimbo uitwao Petit pays katika albamu yake ya 2013, ambayo jina lake linataja pilipili juu ya kruasani ya siagi. Mbegu ni ileile, lakini alipokuja kwenye riwaya aliacha vina nyumbani na kuchukua macho ya mtoto. Mashabiki wake hubishana kama Gaby ni yeye, kwa kuwa naye aliondoka Burundi kwenda Ufaransa mwaka 1995. Kwangu hilo halibadilishi kitu.

Kina kasoro. Mara mbili tatu mtoto wa miaka kumi na moja anafikiri kama mtu wa thelathini, na barua anazomwandikia msichana wa Ufaransa ni nzuri mno kwa umri wake. Kurasa za mwisho zinakwenda mbio. Wanaosema kimetiwa sukari ya kumbukumbu wana haki kidogo, hasa sura za mwanzo.

Lakini angalia nani aliyekituza. Mwaka 2016 kilikuwa miongoni mwa vilivyofika mwisho kwenye Goncourt yenyewe, hakikushinda. Kilichukua Goncourt ya wanafunzi wa sekondari, tuzo iliyoanzishwa 1988, ambapo wanafunzi wapatao 2,000 husoma vitabu vilivyoteuliwa na kuchagua chao. Vijana hao hawana safu gazetini ya kulinda, na kwa kiasi kikubwa hawana bango la msanii ukutani. Ndiyo sauti ninayoiamini kuliko ya mhakiki na ya shabiki.

Tulijaribu kitu kama hicho. Tulichukua kurasa mbili za kila kitabu, zikasomwa kwa sauti bila kutaja mwandishi, mbele ya watu ambao wengi hawajasikia wimbo hata mmoja wa hao watatu. Cave, na wale kunguru wake watatu wanaozunguka angani mwanzoni, aliwafanya watu wakae wima ingawa walikosa nusu ya maneno. Faye aliwafanya waulize kilichofuata. Kwa Morrissey msomaji alisimamishwa mara kadhaa na swali moja: hapo nani anasema? Fundi wetu alikuwepo na aliisikia hiyo.

Nani achukue kipi

Kikundi kinachotaka kubishana kwa maana, au mwalimu anayetafuta kitabu cha kidato cha tatu na cha nne, achukue Small Country, akizisoma kwanza mwenyewe sura za Rwanda. Anayesoma Kifaransa shuleni ajaribu Petit pays moja kwa moja. Sentensi ni fupi na kamusi ndogo inatosha. Filamu ya 2020 iliyoongozwa na Éric Barbier iache hadi umalize.

Mtu mzima anayependa Agano la Kale, blues na hadithi za giza, achukue Cave, asome polepole, sura moja kwa usiku, na ikiwezekana kwa sauti.

Shabiki wa Morrissey ambaye hajasoma Autobiography aanze na hiyo. Akishaimaliza na bado ana kiu, List of the Lost ni kifupi, kitamchukua jioni moja au mbili, na atapata humo mistari ambayo ingekuwa nyimbo nzuri. Asinunue ili kuwakomoa wahakiki.

Kwa upatikanaji, Small Country ndicho rahisi kupata. Ukikikosa Kisumu au Nakuru, duka la vitabu la Nairobi litakutumia kwa basi. Vile viwili vingine huagizwa, au uvibahatishe kwenye mitumba ya vitabu.

Sisi tunaanza na Faye, nakala mbili zikizunguka mkono kwa mkono. Fundi ameomba Cave afuate, na Mwalimu hajapinga, ila ametaka tukifika huko mkutano ufanyike Muhoroni.